Nyuki wa Bariadi, na Jinsi ya Kuwazuia Wasigawanyike Ovyo

Leo napenda twende pamoja mpaka nchi ya Wasukuma wa mashariki, yaani Bariadi na wilaya zilizo jirani nayo, nikawaonyeshe kazi ya mdudu mdogo ambaye watu wa huko wanamjua tangu zamani, ila si wote wanaojua kumtunza. Mdudu huyo ni nyuki. Najua kwamba katika nyumba zenu wako walimu wenye mizinga pembeni mwa shamba, na akina mama wanaopata fedha ya madaftari ya watoto katika asali. Hao hunung'unika maneno yale yale kila mwaka: "Mzinga wangu ulikuwa umejaa nyuki mpaka mlangoni, nami nikangoja asali, mara wakatoka kwa kishindo, wakaenda zao, na asali sikuipata." Haya ndiyo nitakayoyaeleza, lakini kwanza yafaa tuione nchi yenyewe, maana huwezi kumjua nyuki usipojua maua yake na mvua yake.

Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Mkoa huo ni mchanga bado; ulianzishwa mwaka 2012. Sehemu yake kubwa ilikatwa katika Mkoa wa Shinyanga, na Busega ilitoka upande wa Mwanza. Wilaya zake ni tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Jina lake ni la mto Simiyu, unaokusanya maji ya nchi ile na kuyapeleka Ziwa Victoria, katika ghuba ya Speke. Msafiri atokaye Mwanza kwa basi huliona ziwa upande wake wa kushoto mpaka afike Lamadi, mahali palipo karibu na lango la Serengeti liitwalo Ndabaka. Hapo huiacha njia ya kwenda Musoma, akageuka kuume, na baada ya kilomita kama 70 za lami amefika Bariadi.

Njiani nalitazama nje, wala sikuchoka. Nchi ni wazi, yenye mbuga za udongo mweusi ambao wakati wa mvua hushika miguu kama gundi, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambamo mtoto aweza kupoteza kiatu. Hapa na pale pana vilima vya mawe makubwa yaliyopangana kana kwamba watu waliyapandisha kwa mikono. Mashamba ni ya pamba, mahindi, mtama na viazi, na kila mahali ng'ombe. Miti karibu na nyumba ni michache. Wazee watakuambia sababu: zamani za Waingereza watu walikusanywa kufyeka vichaka ili mbung'o wasipate kivuli, maana mbung'o waliua ng'ombe na kuleta malale, kisha ikaja pamba, nayo ikataka mashamba mapana, na kuni nazo kila siku zatakiwa.

Lakini Wasukuma walikuwa na desturi moja iliyo njema, nayo ni ngitili. Mtu, au kijiji kizima, hufunga kipande cha malisho mvua inapoanza, mifugo isiingie, ili majani yakue na kuwekwa akiba ya kiangazi. Desturi hiyo ilikuwa imelegea sana. Mwaka 1986 ilianza kazi ya serikali iitwayo Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo wengi huijua kwa jina la HASHI, nayo ikaendelea mpaka 2004. Siku hizo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado katika mkoa wa Shinyanga. Watu wakasaidiwa kuzirudisha ngitili zao, na mahali palipofungwa, miti ikaota yenyewe kutoka katika visiki vya zamani, hasa migunga ya namna nyingi. Mwenye ngitili alikusudia majani ya ng'ombe. Akapata na kuni, na dawa, na fito za kujengea. Akapata na nyuki, maana mgunga ukichanua husikia mvumo wake kabla hujaufikia.

Basi, vitabu vingi vya ufugaji wa nyuki viliandikwa Ulaya na Marekani, navyo husema kwamba nyuki hugawanyika katika majira ya kuchipua, baridi inapokwisha. Mwalimu wa Bariadi akisoma hayo atauliza, baridi gani? Huku mwaka wa nyuki hauongozwi na theluji, waongozwa na mvua. Mvua za kwanza huja kwa kawaida mwezi wa Oktoba au Novemba. Mara nyingi hupungua kidogo Januari na Februari. Kisha huja nyingi za Machi na Aprili. Na tangu Juni hata Septemba nchi ni kavu. Miti mingine, kama mbuyu, haingoji mvua itulie, huchanua mapema. Maua yakija, nyuki huleta chavua, nayo ndiyo chakula cha majana. Malkia akiona chakula kinaingia hutaga kwa wingi, na baada ya majuma machache mzinga umejaa nyuki vijana wasio na kazi ya kutosha. Hapo ndipo wanapogawanyika. Kwa hiyo kila mahali palipo na maneno "majira ya kuchipua" katika kitabu, msomaji wa Simiyu na asome "majuma ya maua baada ya mvua," naye hatapotea sana.

Tena kuna jambo jingine ambalo watu hulichanganya. Kutoka kwa nyuki ni kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kugawanyika: mzinga umeshiba, malkia mzee anatoka na sehemu kubwa ya watenda kazi, na nyuma wanabaki wengine pamoja na majana na malkia kijana ambaye bado yumo katika chumba chake. Namna ya pili ni kuhama: njaa, kiu, moto, siafu, nyegere au jua kali vimewashinda, nao huondoka wote pia, wakiacha masega matupu. Ya kwanza ni ya wakati wa neema, ya pili ni ya wakati wa dhiki. Mtu akiona mzinga umepungua mwezi wa Desemba na mwingine umebaki mtupu mwezi wa Agosti, akatumia dawa moja kwa yote mawili, atafanya kazi ya bure. Wa Desemba ulitaka nafasi. Wa Agosti ulitaka maji, kivuli, na asali uliyoivuna yote bila kuwaachia.

Nyuki wetu wa Afrika Mashariki wana tabia ya kugawanyika kuliko nyuki wa Ulaya. Sababu yake si ukaidi. Katika nchi ya moto wa porini, ukame, nyegere na watu warinao asali kwa mwenge, kundi moja moja hufa upesi, kwa hiyo waliodumu ni wale waliozaa makundi mengi. Dunia imeuona uwezo wao. Mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa Brazil, jina lake Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki hawa, wengi kutoka Afrika Kusini na hata wa Tanganyika, akawapeleka kwao ili apate nyuki wanaofaa nchi ya joto. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka. Yaligawanyika, na yaliyozaliwa yakagawanyika tena, yakapita Amerika ya Kusini na ya Kati, na mwaka 1990 yalikuwa yamefika Texas katika Marekani. Basi mtu wa Bariadi anayelalamika kwamba nyuki wake hawatulii, na ajue kwamba analalamikia jambo lililowashinda wengi.

Nalipokuwa huko nalipelekwa kwa mzee mmoja wa upande wa Itilima, mrina asali tangu ujana wake. Tulimkuta chini ya mkwaju akichonga mzinga wa gogo. Tukasalimiana, "Mwangaluka," akanipa kigoda. Alikuwa na mizinga mingi ya magogo, imetundikwa katika miti ya ngitili yake na ya jirani zake, mingine ina nyuki na mingine mitupu. Nalimwuliza kama ana njia ya kuwazuia nyuki wasigawanyike.

Akacheka. "Mwalimu," akasema, "mimi sijanunua nyuki hata siku moja. Hawa wote walikuja wenyewe. Wasingegawanyika huko walikotoka, mizinga yangu ingejazwa na nani?"

Nalikaa kimya kidogo, maana lilikuwa jibu la mtu anayeijua kazi yake. Kwa mwenye mizinga mingi ya magogo, kugawanyika kwa nyuki si hasara hata kidogo. Ndiyo mbegu yake. Yeye hana haja mzinga mmoja utoe ndoo tatu. Ataka mizinga ishirini itoe kidogo kidogo, na ule uliotoa kundi mwaka huu hataufungua, atauacha upone. Naye aliniambia jinsi anavyotayarisha mizinga mitupu. Hufanya hivyo mwezi wa Septemba, kabla ya mvua. Huondoa masega ya zamani yaliyoliwa na nondo, hufukiza ndani kwa moshi, hupaka nta iliyoyeyushwa kwenye mlango na darini mwa mzinga, kisha huutundika juu kwa waya ili nyegere asiufikie. Wengine hupaka na mchaichai, na hiyo ina maana yake: harufu ya mchaichai yafanana na harufu ambayo nyuki wenyewe huitoa wanapoitana.

Mzee yule alijua pia kwamba kundi halivamii mzinga kwa bahati. "Hutuma wapelelezi kwanza," akasema. "Ukiona nyuki wawili watatu wanaingia na kutoka katika mzinga mtupu, wanapimapima kuta, kesho au keshokutwa nyumba imepata mwenyewe." Mambo hayo wataalamu waliyachunguza Ulaya katika karne iliyopita. Karl von Frisch aligundua kwamba nyuki huambiana mahali pa chakula kwa kucheza ngoma juu ya sega, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1973. Na mwanafunzi wake Martin Lindauer akaona kwamba wapelelezi wa kundi lililotoka hucheza ngoma hiyo hiyo juu ya bumba la wenzao, kila mmoja akilisifu shimo aliloliona, hata wote wakapatana juu ya moja. Nalimweleza mzee habari hiyo. Hakushangaa sana. Alitaka kujua tu kama yule mtaalamu alikuwa na mizinga mingapi.

Kutoka huko nalirudi upande wa Bariadi, kwa mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi. Shauri lake lilikuwa jingine. Yeye ana mizinga minne tu, ya masanduku yenye vibao vya juu, imewekwa katika kona ya shamba la mumewe, mbali na njia ya ng'ombe. Mizinga ya namna hiyo ilienezwa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970, ikianzia Kenya. Juu yake vimepangwa vibao vyembamba, kila kimoja upana wa milimita 32 hivi, ambao ndio upana uwapendezao nyuki wetu, nao hujenga sega moja chini ya kila kibao. Hivyo mwenye mzinga aweza kuinua sega moja, akalitazama, akalirudisha bila kuvunja kitu. Katika gogo huwezi kufanya hivyo.

Kwa mama huyo kugawanyika kulikuwa hasara kweli. Mwaka uliotangulia mizinga miwili kati ya minne ilitoa makundi mwezi wa Desemba. Mmoja ulitoa mara moja. Wa pili ulitoa, ukatoa tena, na tena, kila kundi dogo kuliko lililotangulia, mpaka waliobaki wakatosha kujaza kofia. Hawakuweza kulinda mlango. Nondo wakaingia, na kufika Machi, maua yalipokuwa mengi, hapakuwa na wa kuyaendea. Asali ya mizinga hiyo miwili ilikuwa sare na viatu vya watoto wake wawili. "Mwalimu," aliniambia, "huyo mzee wa mizinga ya magogo ana haki yake. Lakini mimi sina mizinga thelathini. Mimi nina minne, na watoto wanasubiri."

Tena palikuwa na jambo la hatari. Moja katika makundi yale lilitua juu ya mwarobaini wa uwanja wa shule, likaning'inia kama kibuyu cheusi, na wavulana wakaanza kuokota mawe. Mama mwalimu alipiga kengele, akaingiza watoto wote darasani kwa mlango wa upande wa pili, akamweka mtu mzima wa kulinda mti. Bumba linalotua hivyo huwa limeshiba asali, wala halina majana ya kutetea, kwa hiyo kwa kawaida ni pole. Lakini jiwe moja laweza kubadili mambo, na nyuki wakikasirika mahali penye watoto mia, hakuna wa kuwatuliza. Jua lilipokaribia kuzama alikuja na mzinga mtupu uliopakwa nta, akavaa vazi lake la wavu, akauweka chini ya tawi, akalitikisa tawi mara moja kwa nguvu. Bumba likaanguka ndani. Waliobaki hewani wakamfuata malkia wao. Usiku wakachukuliwa kwenda shambani. Napenda wazazi wote wafundishe watoto wao jambo hili: bumba lililotua si la kupigwa mawe, wala la kuchomwa moto wala kunyunyiziwa dawa. Mwite mwenye mizinga, atakushukuru.

Jioni ile tulikwenda kuifungua mizinga. Alikuwa na bomba la moshi lililotengenezwa kwa kopo, ndani yake samadi kavu ya ng'ombe. Alipuliza mlangoni, akangoja, akainua vibao kimoja kimoja. Nami nikaona kwa macho yangu dalili ambazo yeye huzitazama kila juma wakati wa maua.

Kwanza, wingi wa madume, wale nyuki wanene wenye macho makubwa ambao hawana mwiba wala hawaendi shambani. Mzinga ukianza kulea madume wengi, umeanza kufikiri habari za harusi. Pili, nyuki waliojazana mlangoni na kuning'inia nje kama ndevu, hata saa za jioni ambapo joto limepungua. (Wakifanya hivyo mchana wa jua kali tu, huenda ni joto, tia kivuli kwanza.) Tatu, mahali pa kutagia pamebanwa, kwa sababu vyumba ambavyo majana wametoka vimejazwa asali mbichi mara moja, malkia asipate pa kuweka yai. Nne, na hii ndiyo dalili isiyodanganya, vyumba vya malkia. Vyumba vya watenda kazi hulala ubavuni mwa sega, lakini cha malkia huning'inia ukingoni, mdomo chini, kama karanga katika ganda lake. Kikiwa kikombe kitupu, si neno. Kikiwa na yai au jana aliyeogelea katika maziwa meupe, basi siku zinahesabiwa.

Na zinahesabika kweli. Yai hukaa siku 3, kisha huwa jana. Siku ya 8 hivi chumba hufunikwa kwa nta. Siku ya 16 malkia kijana hutoka. Mtenda kazi huhitaji siku 20 au 21, dume 24. Kundi la kwanza, lile la malkia mzee, kwa kawaida huondoka wakati vyumba vya kwanza vinapofunikwa, hewa ikiwa nzuri. Kwa hiyo mwenye kutazama mzinga wake kila siku 7 aweza kuwahi. Mwenye kutazama kila mwezi atawahi kuona vibao vyepesi.

Sasa afanye nini? Wengine huvunja vyumba vyote vya malkia, wakifunga mzinga wakarudi nyumbani na furaha. Mimi siipendi njia hiyo ikitumiwa peke yake. Chumba kimoja kilichojificha pembeni chatosha kuharibu kazi yote. Na kama kundi lilikwisha kutoka jana bila wewe kujua, umeua malkia pekee waliokuwa tumaini la waliobaki. Mzinga usio na malkia wala yai bichi la kumlea mwingine hufa polepole, ukitaga madume matupu.

Dawa iliyo bora ni kuwapa nafasi kabla hawajaitaka. Mama mwalimu huvuna masega ya pembeni yaliyokwisha kufunikwa, hata kama ni mawili tu, mapema katika msimu, badala ya kungoja mzinga mzima ujae. Kisha husogeza vibao, akaingiza kimoja kitupu kati ya masega mawili ya majana yaliyonyoka, na juma lijalo kingine. Nyuki vijana hupata kazi ya kujenga, malkia hupata vyumba vipya. Lakini afanye hivyo ikiwa nyuki ni wengi wa kutosha kufunika masega yote; akiwatenganisha wachache, majana hupata baridi usiku. Wenye mizinga ya magogo nao waweza kufanya kidogo: wafungue upande wa nyuma, wakate asali iliyoiva, wasiguse upande wa majana, na wanapochonga, wachonge gogo lenye nafasi ya kutosha.

Vyumba vya malkia vikiwa vimekwisha kuanza, basi ni kuwagawa mwenyewe kabla hawajajigawa. Alinionyesha jinsi afanyavyo. Humtafuta malkia mzee, humweka pamoja na masega matatu au manne ya majana na nyuki walio juu yake, na mawili ya asali, katika mzinga mpya ulio mahali pengine. Hukung'uta humo nyuki wa masega mengine ya majana pia, maana wale waliozoea kuruka watarudi mahali pa zamani, na wanaokaa ni vijana. Mzinga wa zamani hubaki mahali pake na vyumba viwili vilivyo vizuri. Vingine vyote huvivunja. Hapo ndipo penye siri ya kuzuia yale makundi madogo madogo yaliyommaliza mwaka uliotangulia, kwa sababu kila malkia kijana wa ziada aweza kuondoka na kundi lake.

Kumtafuta malkia wa nyuki wetu si kazi rahisi, maana hukimbia juu ya sega kama kuku aliyeona kisu. Asipoonekana, gawa masega sawasawa, kila upande ukiwa na chumba kimoja cha malkia, na mayai, na asali. Baada ya siku 4 tazama tena. Upande wenye mayai mabichi yaliyosimama ndio wenye malkia mzee, kwa sababu yai huanguliwa kwa siku 3. Huko vunja chumba kilichobaki. Upande wa pili ufunge, usiufungue kwa majuma matatu, ili malkia kijana atoke, aende kuoana na madume angani, arudi, aanze kutaga. Wengi huharibu kazi kwa kuchungulia.

Kazi hii mwisho wake uwe mwezi wa Aprili. Nalimwuliza kwa nini, naye akanionyesha ngitili iliyokuwa ikianza kugeuka rangi. Kundi lililogawanywa Desemba lina miezi mitano ya maua mbele yake. Lililogawanywa mwishoni mwa Mei lina majuma machache, kisha Juni imefika, na mizinga miwili minyonge itakufa kwa njaa mahali ambapo mmoja wenye nguvu ungeishi. Hapa ndipo ninapoona kwamba mzee wa Itilima na mama mwalimu hawapingani kama nalivyodhani. Penye miti mingi na mizinga mitupu mingi, waache wagawanyike. Penye ngitili ndogo na mizinga minne, wazuie, au ugawe mmoja tu ulio na nguvu kuliko yote na kuongeza mzinga wa tano; lakini usijaribu kuwa na makundi mengi kuliko maua, maana ngitili ya ekari chache hulisha nyuki kwa kiasi chake, kama inavyolisha ng'ombe kwa kiasi chake.

Limebaki neno la pamba. Simiyu ni mkoa wa pamba kuliko mikoa yote ya Tanzania, na nyuki hulipenda ua la pamba. Lakini pamba hupigwa dawa za wadudu, na dawa haichagui kati ya funza na nyuki. Mzinga ulioutunza usigawanyike waweza kupungua nusu kwa asubuhi moja, ukaona maiti chini ya mlango, na jirani yako hana habari. Mama mwalimu alikwenda kwa jirani zake wenye mashamba, nyumba kwa nyumba, akawaomba mambo mawili: wapige dawa jioni, nyuki wakiwa wamekwisha kurudi, na wamtumie mtoto siku moja kabla. Wawili walikubali mara moja. Wa tatu alitaka kwanza aonjeshwe asali. Akaonjeshwa, naye humtumia mtoto.

Nalipoondoka ulikuwa mwezi wa Mei. Mizinga yake ilikuwa mitano, yote na nyuki. Alikuwa amekwisha kuosha ndoo na kushona kitambaa cha kuchujia, na karibu na mizinga ameweka karai la maji lenye vijiti vya kuelea, ili nyuki wapate pa kukanyaga wanapokunywa.